Je, Wajua? Kitreni cha Mezani na Taa ya Chisense Huugua Ugonjwa Mmoja

Mkoa wa Luapula, Zambia, hauna reli. Aliye Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, akitaka kusikia honi ya treni sharti afunge safari hadi Kasama, inakopita reli ya TAZARA. Kwa hiyo ukimwambia mvuvi wa Kashikishi, hapo jirani, kwamba kuna watu wazima Ujerumani na Marekani wanaokesha wakiumiza vichwa kwa sababu kitreni chao cha mezani kimekwama kwenye kona ya mwisho, atacheka sana. Mwache acheke. Akimaliza, muulize habari za taa yake ya kuvulia. Utasikia kisa kilekile.

Je, wajua chisense ni nani? Ni dagaa wa maji baridi wa Ziwa Mweru, binamu wa wale wa Tanganyika, naye hufuata mwanga. Huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi iking'aa, mwanga hutapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi hukosa wateja. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya karabai, na mafuta yake yalikula faida. Siku hizi ni taa za LED na betri ya volti 12.

Hebu itazame mitambo hiyo kwa karibu. Betri imekaa tezi, imefunikwa nailoni isirukiwe na maji. Taa inaning'inia kwenye mti uliotokeza nje ya mtumbwi. Katikati kuna waya ambao umewahi kukatika mara mbili: sehemu moja imesokotwa kwa mkono na kuviringishwa kipande cha mpira wa baiskeli, nyingine imefungwa kwa selotepu iliyolegea kwa unyevu. Kwenye kichwa cha betri, klipu imeota unga wa kijani kama ukungu wa mkate. Taa ikififia saa nane usiku, hukumu hutolewa palepale: betri imekufa. Asubuhi inabebwa hadi kwa fundi, fundi anaipima na kukuta volti 12.6. Ni nzima. Mwenye betri anaondoka akiamini kipimo cha fundi ni kibovu.

Je, wajua kwamba waya nao hula umeme? Chukua waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa za nyumbani. Uvute mita 10 kutoka kwenye betri hadi kwenye taa. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu ni mita 20, na ukinzani wake ni takriban robo ya omu. Taa ikivuta ampia 5, volti 1.2 zinaishia njiani. Yaani moja ya kumi ya betri imeliwa na waya kabla taa haijaonja kitu. Nyumbani kwenye volti 230, upungufu wa volti 1.2 hakuna anayeuona. Kwenye volti 12 ni msiba, tena huo ni waya mzima usio na hata kiungo kimoja.

Ndiyo maana treni za kweli za umeme zilikimbilia upande wa pili kabisa. Reli ya SGR ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, huendeshwa kwa volti 25,000. Volti zikiwa nyingi, ampia hupungua kwa kazi ileile, na waya huacha kula. Lakini ukubwa nao una maadui wake: mwaka huohuo shirika la reli la Tanzania, TRC, lilitaja ngedere na bundi kuwa chanzo cha hitilafu ya umeme iliyochelewesha treni. Kwenye kitreni cha mezani adui ni vumbi.

Nalo vumbi hilo si la kudharau. Kitreni cha mezani hakina betri. Umeme wake hutoka kwenye reli zenyewe, hupanda kupitia magurudumu, huingia kwenye mota. Alama ya kidole yenye mafuta au kutu kidogo juu ya reli inatosha kukisimamisha. Wenye vitreni hufuta reli kwa kitambaa kama anavyofuta mtu miwani, na wengi wameshafungua mota bure kwa sababu walisahau kufuta magurudumu.

Je, wajua kwamba reli hizo mbili hubeba umeme na maneno kwa pamoja? Katika mfumo uitwao DCC, uliobuniwa na Wajerumani wa kampuni ya Lenz na kufanywa kiwango cha pamoja na NMRA, chama cha wenye vitreni cha Marekani, miaka ya 1990, umeme wa kwenye reli hugeuzwa mwelekeo maelfu ya mara kila sekunde. Ukigeuka haraka, kila mikrosekunde 58, hiyo ni "moja". Ukikawia mikrosekunde 100 au zaidi, ni "sifuri". Ndani ya kitreni kuna kifaa kidogo, dikoda, kinachosoma moja na sifuri hizo na kujua: wewe namba 3, punguza mwendo, washa taa ya mbele. Treni kumi zinaweza kusimama kwenye reli moja na kila moja ikasikia amri yake tu. Uzuri wake ndio udhaifu wake. Kiungo kikilegea, kitreni hukosa nguvu na hukosa maagizo kwa wakati mmoja, na mwenyewe haelewi aanzie wapi: kimechoka au hakisikii?

Reli zenyewe huwa za madini yanayouzwa kwa jina la fedha ya nikeli. Usidanganyike na jina. Ndani yake kuna shaba, nikeli na zinki, na hakuna hata chembe ya fedha. Hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, ukinzani wake ukiwa zaidi ya mara 10. Kwa sababu hiyo fundi makini haiachii reli ibebe umeme peke yake: hupitisha waya mnene wa shaba chini ya meza, kisha kila baada ya mita moja au mbili huchomelea kijiwaya kifupi cha kupandisha umeme juu.

Shaba na fedha, kwa kweli, Nchelenge inazijua. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kuna mgodi wa Dikulushi ambao kampuni ya Anvil Mining iliuanzisha mwaka 2002. Mzigo wake wa shaba na fedha ulipakiwa Kilwa, ukavushwa kwa pantoni hadi Nchelenge, kisha ukashika barabara kuelekea kusini mwa Afrika. Fedha ndiyo inayopitisha umeme vizuri kuliko metali zote, na shaba inaifuata kwa karibu sana. Zote mbili zilipita gatini hapo kwa tani, huku mitumbwi iliyofungwa kando yake ikihangaika na waya wa kuunga.

(Kwa wanaojiuliza: ndiyo, Kilwa. Ziwa Mweru lina mji wa Kilwa upande wa Kongo na kisiwa cha Kilwa upande wa Zambia, na wala si ile Kilwa Kisiwani ya Tanzania. Mtu akikuambia anatoka Kilwa, uliza swali la pili.)

Je, wajua kwamba maji ya Mweru hayaendi Kariba? Luapula huingia ziwani kutoka kusini, Luvua hutoka kaskazini pale Pweto, na safari huishia kwenye Mto Kongo na Atlantiki. Ukame ulipokausha bwawa la Kariba kwenye Zambezi, na serikali ya Zambia kuutangaza kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari 2024, mgawo wa umeme ulibana nchi inayotegemea maporomoko ya maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake. Mtu angeweza kukaa gizani Nchelenge akitazama maji hadi upeo wa macho. Mgawo wa namna hiyo huwasukuma watu kwenye paneli za sola, na paneli za sola huleta volti 12 ndani ya nyumba, na tunarudi kulekule kwenye waya mwembamba.

Namna ya kuutafuta ugonjwa ni moja, mezani na majini. Pima taa ikiwa inawaka. Betri isiyo na mzigo husema uongo, kama mtu anayejisifu nguvu kabla hajabebeshwa gunia. Kisha usipime betri peke yake. Gusisha ncha moja ya mita upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili. Kiungo kizima kitasoma karibu sifuri. Kikisoma volti moja, mwizi umemshika. Endelea hatua kwa hatua, kutoka kichwa cha betri hadi klipu, klipu hadi waya, waya hadi taa. Huna mita? Gusa kwa mkono. Kiungo kibovu hupata joto.

Wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, waliifanya kazi ya namna hii kuwa karibu dini. Klabu yao ya vitreni, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilikuwa na kamati ya ishara na umeme iliyokaa chini ya meza kati ya nyaya na swichi za simu zilizotumika. Neno "haka", ambalo leo tunamtupia kila mwizi wa akaunti, lilikuzwa na vijana wale. Kwao lilimaanisha mtu wa ufundi wa kufurahisha.

Wenye vitreni wana pia kipimo kimoja rahisi. Chukua sarafu, ilaze juu ya reli zote mbili mahali palipo mbali zaidi na kituo cha umeme. Hiyo ni shoti ya makusudi. Mtambo wa DCC ukizima papo hapo, nyaya ni nene vya kutosha. Usipozima, nyaya ni nyembamba kiasi kwamba hata shoti haifiki, na siku moja kitu kitaungua.

Lakini wewe wa mtumbwini, sarafu yako ibaki mfukoni. Mtambo wa kitreni hujizima wenyewe. Betri ya asidi haina adabu hiyo. Itamwaga mamia ya ampia hadi waya uyeyuke, na mtumbwi ni mbao. Weka fyuzi karibu na betri kwanza, kisha usugue ule unga wa kijani kwa msasa.