Aumwaye na Nyoka

Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo walivyonena wahenga, wala hawakukosea. Mwulize mwanamke aliyeugua kansa ya titi akatibiwa: kila kichomi cha ubavu, kila kikohozi cha usiku, kwake ni nyoka aliyerudi.

Huko Nairobi, Kibra ni maskani ya ndugu zetu Wanubi, Waislamu wa kizazi cha askari wa Kisudani waliowekwa hapo na serikali ya kikoloni. Jina Kibra lenyewe ni la Kinubi, maana yake msitu. Mama wa Kinubi hujifunga gurbaba, husuka tabaga za kufunikia chakula, na hushika stara ile ile tuijuayo sisi wa pwani. Ng'ambo ya Barabara ya Ngong, kule Kabiro katika Kawangware, wamo mama wa kila kabila; lakini kwa jambo hili aibu ni moja. Maradhi ya kifuani hayatajwi mbele za watu.

Hospitali Kuu ya Kenyatta haiko mbali na Kibra. Basi kizuizi si njia tu, ni ulimi pia. Mgonjwa amemaliza dawa, amepasuliwa, amechomwa kwa miale, nywele zimeota tena. Jamaa husoma maulidi ya shukrani, na tangu siku hiyo habari hufungwa. Akihisi kitu hunyamaza, asije akaambiwa hana shukrani.

Na kansa hizi si aina moja. Iko kali ambayo madaktari huiita hasi-tatu, kwa kuwa haina vipokezi viwili vya homoni wala haina protini ya HER2 kwa wingi, ambavyo ndivyo vinavyolengwa na baadhi ya dawa. Hiyo huonekana zaidi kwa wanawake weusi na kwa walio vijana. Ikirudi, aghalabu hurudi katika miaka 3 ya mwanzo. Miaka 5 ikipita salama, hatari hupungua sana. Aina zinazolishwa na homoni, kwa upande wao, huweza kulala miaka mingi.

Marehemu Bibi Joyce Laboso alipatikana na kansa ya titi mwaka 1991, akatibiwa, akaishi, akawa mbunge, kisha gavana wa Bomet. Alifariki kwa kansa Julai 2019, miaka 28 baadaye.

Kwa hiyo, dada, stara si kuficha maradhi. Uvimbe penye kovu au kwapani, maumivu ya mifupa yasiyoisha, kikohozi kisichopoa, kichwa kinachouma kila siku, kukonda bila sababu: hayo mwambie daktari, usingoje siku ya miadi. Na miadi yenyewe usiikose. Huenda ikawa ni ung'ongo tu, na hapo utalala usingizi.

Kujitibu tumeamrishwa na Mtume (s.a.w.). Nasi jamaa tusimwulize mgonjwa, "Si ulipona?" Tumwulize, "Lini unarudi hospitali, nikusindikize?" Mficha maradhi kilio humfichua.