Safarini na Watoto: Uwanja Wafaa, Maji Kwanza

Tukiwa nyumbani twajitahidi kulea. Lakini tukifika ugenini na watoto, mara nyingi malezi yetu huwa ni amri mbili tu: "Tulieni!" na "Msitoke nje!"

Likizo ya mwezi Juni tulipanda treni kutoka Tabora hadi Kigoma kwenda arusini. Tulikuwa akina mama watatu wa kanisa moja, na watoto saba. Tulifikia kwa ndugu huko Mwanga, kati ya Kigoma mjini na Ujiji. Nyumba ilijaa wageni, na siku ya tatu watoto walianza kupigana. Shangazi mwenye nyumba akatuambia, "Jamani wanangu, wapelekeni uwanjani wakachoke."

Tukaenda kwenye viwanja vya Mwanga Community Centre. Kigoma ni mji wa mpira. Ndiko alikozaliwa mlinda mlango Juma Kaseja, na ni katika Uwanja wa Lake Tanganyika ambapo mwaka 2021 Simba iliifunga Yanga bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Mwaka 2023 tima ya Mashujaa ya mjini humo ilipanda Ligi Kuu. Basi wavulana wetu hawakungoja kukaribishwa. Mara walikuwa ndani ya vumbi jekundu pamoja na wenyeji. Binti yetu wa miaka 13 alisimama kando kwa aibu, mpaka wasichana wa mpira wa pete walipomwita: "Wewe mrefu, njoo usimame golini!" Tangu tuondoke Tabora hatukuwa tumemwona akicheka hivyo.

Kikapu bila maji

Baada ya saa nzima, mtoto wetu wa miaka minane aliketi chini. Alikuwa amelowa jasho, midomo imekauka, akasema kichwa kinamuuma na anataka kutapika. Tukafungua kikapu. Mlikuwa na mikate, kanga mbili na sabuni. Maji hayakuwamo! Na mmoja wetu ni muuguzi wa miaka mingi, anayewafundisha wenzake mambo hayo hayo kila kliniki.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga alituita kivulini. "Dada zangu, upepo wa ziwa unawadanganya," alisema. "Unapoza ngozi, huku jua linamkausha mtoto." Akatupa kikombe. Tuliona haya kuuliza, lakini tuliuliza: maji haya yamechemshwa? Hakukasirika. "Nimeyachemsha asubuhi. Nami nina watoto."

Tulimlegeza nguo, tukamfuta shingo na kwapa kwa kanga iliyolowanishwa, tukamnywesha kidogo kidogo. Baada ya nusu saa aliomba karanga. Tulimshukuru Mungu, na tulimshukuru mama yule.

Tuliyojifunza

Usiache kuwapeleka watoto uwanjani ukiwa safarini. Mtoto aliyecheza hula vizuri, hulala mapema na hupata marafiki. Ila tuzingatie haya:

1. Beba maji yaliyochemshwa, na kila mtoto anywe kabla ya kuanza. Kisha waite wanywe kila baada ya dakika 20 hivi, hata wasiposikia kiu.

2. Nenda asubuhi au jioni jua likiwa limepoa. Sisi tulikwenda saa nane mchana!

3. Mama mmoja awe mlinzi wa watoto tu, asishike mazungumzo. Mwonyeshe kila mtoto mahali pa kukutana akipotea.

4. Mtoto akianza kusema ovyo, akizimia au akipata degedege, mpeleke hospitali mara moja huku ukiendelea kumpoza. Aliyepoteza fahamu usimnyweshe kitu.

5. Mwili ukiendelea kuwa na joto hata baada ya kupumzika, usiseme "ni jua tu." Kigoma ina malaria nyingi. Kapime siku hiyo hiyo.

Usiku ule tulimgusa paji la uso mara nyingi kuliko tulivyolala. Halikuwa na joto. Kulipopambazuka alikuwa wa kwanza kuamka. "Mama mdogo, leo tunakwenda tena?"

Tulitazamana. Kisha mmoja wetu akainuka, akabandika sufuria kubwa ya maji jikoni.