Handbreki Iliyolegea: Kazi Huanzia Kwenye Matairi

Handbreki ndiyo breki pekee ya gari la zamani isiyotegemea mafuta. Breki ya mguu husukuma mafuta kwenye mabomba hadi matairi yote manne, lakini handbreki huvuta waya wa chuma kutoka kwenye mpini hadi matairi mawili ya nyuma. Bomba likipasuka, waya unabaki. Gari likiachwa usiku kucha, waya huo pamoja na meno ya mpini ndivyo vinavyolizuia lisiondoke.

Kwenye tambarare dereva anaweza kumaliza miaka bila kujua kwamba handbreki yake imekufa. Barabara inayochepuka Sangasanga na kupanda Milima ya Uluguru kupitia Langali hadi Mgeta na Kikeo haimpi nafasi hiyo. Huko kabichi, karoti, njegere na viazi hupakiwa gari likiwa limeinama, na mara nyingi ardhi imelowa. Handbreki ikiwa dhaifu, utingo huruka na jiwe mkononi. Jiwe ni msaada mzuri, ila likizoeleka humaliza handbreki kabisa, kwa sababu waya usiovutwa kwa miezi hushika kutu ndani ya ganda lake. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu breki za magari madogo zinataka handbreki izuie gari lenye mzigo kamili kwenye mteremko wa asilimia 20, yaani unaopanda mita 20 kwa kila mita 100 za mlalo. Gari lililozeeka huenda lisifike hapo.

Mpini ukianza kupanda juu kupita kawaida, tiba inayokimbiliwa ni kukaza nati ya waya chini ya mpini. Ni kazi ya dakika tano, na matokeo yake huonekana papo hapo. Lakini kwa kawaida kilichopungua si waya. Ndani ya dramu ya tairi kuna shuu mbili zilizovishwa bitana. Bitana ikilika, nafasi kati yake na dramu hupanuka, na mpini hulazimika kusafiri mbali kabla shuu hazijagusa. Kukaza waya huvuta shuu karibu na dramu hata handbreki ikiwa imeachiliwa. Shuu zinaweza kuanza kusugua njia nzima, dramu ikapata moto na mafuta ya gari yakaliwa bure. Kibaya zaidi, kifaa cha kujirekebisha kilichomo kwenye dramu nyingi hufanya kazi vizuri pale tu mikono ya ndani, inayovutwa na waya, inaporudi hadi mwisho wake. Waya uliokazwa kupita kiasi huinyima nafasi hiyo, na miezi michache baadaye gari linarudi gereji na ugonjwa uleule.

Kwa hiyo kazi huanzia nyuma. Gari husimamishwa mahali bapa, matairi ya mbele yakawekewa mawe mbele na nyuma, ndipo upande wa nyuma uinuliwe na kukalishwa juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi. Mtu ataingia chini. Handbreki huachiliwa, nati ya waya hulegezwa, tairi hufunguliwa na dramu huvutwa. Dramu iliyoganda hugongwa taratibu kwa nyundo pembezoni. Toyota nyingi zina matundu mawili yenye hesi kwenye uso wa dramu: bolti mbili zikikazwa humo kwa zamu, dramu husogea yenyewe bila kupasuliwa na nyundo.

Vumbi la ndani halipulizwi kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Shuu za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu, hivyo vumbi hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Kisha hutazamwa unene wa bitana. Ikikaribia milimita 1, shuu zimekwisha. Bitana nene lakini inayong'aa kama kioo husuguliwa kwa msasa hadi mng'ao uishe. Iliyolowa haina tiba. Unyevu huo huwa ni mafuta ya breki yanayovuja kwenye silinda ndogo ya tairi, au oili ya difu iliyopita kwenye sili ya ekseli. Kuosha kwa petroli husafisha juu tu, na joto likipanda oili hutoka tena. Shuu hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, na kinachovuja hutengenezwa kwanza, la sivyo mpya nazo zitalowa.

Kati ya shuu kuna kijiti chenye gurudumu dogo la meno, na hapo ndipo marekebisho yenyewe yalipo. Dramu ikirudishwa, bisibisi bapa hupitishwa kwenye tundu la nyuma na meno huzungushwa hadi dramu ikwame, kisha hurudishwa kidogo kidogo mpaka izunguke, shuu zikigusa kwa mbali. Pedali hukanyagwa mara kadhaa ili shuu zikae katikati, na zoezi hurudiwa. Pande mbili zikitofautiana, upande mmoja utashika na mwingine utateleza.

Waya hushughulikiwa mwisho. Fundi huuvuta kwa mkono kuona kama unateleza ndani ya ganda lake. Uliogoma kwa kutu au kukatika nyuzi hubadilishwa, maana kuukaza ni kuusogeza karibu na kukatika. Ulio mzima hukazwa hadi mpini ulie mara ambazo kitabu cha gari kimetaja. Kwenye magari mengi madogo ni mara 5 hadi 8, na mipini ya kuvuta chini ya dashibodi huwa na zaidi.

Baadhi ya magari yenye diski nyuma, kama Mark II na Prado kadhaa, huficha shuu ndogo ndani ya diski kwa ajili ya handbreki tu. Hizo hazichakai sana, kwa kuwa hushika gari likiwa limeshasimama. Adui yake mkubwa ni kutu na tope.

Land Rover za 109 na 110 ni habari nyingine. Handbreki yake haimo kwenye matairi hata kidogo. Ni dramu moja iliyofungwa nyuma ya gia boksi, na hushika propela inayokwenda difu ya nyuma. Marekebisho yake ni bolti moja yenye kichwa cha mraba, ambayo hukazwa hadi dramu ikwame kisha ikarudishwa kidogo. Ikiwa dhaifu, wa kwanza kushukiwa ni sili ya gia boksi inayomwaga oili ndani ya dramu. Baada ya kuegeshwa, gari hutikisika kidogo kabla ya kutulia, kutokana na ulegevu wa difu na ekseli, na hilo si kasoro. Kuvuta handbreki hii gari likiwa linatembea ndiko kosa, kwani nguvu yote huangukia propela na ekseli.

Hatari kubwa ya handbreki hii iko kwenye kubadilisha tairi mlimani. Tairi moja la nyuma likiinuliwa, difu huliruhusu kuzunguka kinyume huku mwenzake akibingirika, na gari linaondoka na handbreki yake ikiwa imevutwa hadi juu. Kwenye 110, inayoendesha matairi manne wakati wote, balaa hilo huja kama loki ya difu ya kati haijafungwa. Hapo jiwe ni lazima, hata kama handbreki ni mpya.

Jaribio la mwisho hufanywa mteremkoni, mguu ukiwa karibu na pedali. Gari likielekea juu, uzito hurudi nyuma na handbreki hushika vizuri. Likielekea bondeni, uzito huhamia mbele, mbali na matairi yanayoshikwa, kwa hiyo upande huo haurukwi. Shuu mpya huhitaji siku kadhaa za kazi kuikalia dramu. Baada ya hapo meno ya kijiti hukaguliwa tena, na waya haukazwi kabla ya meno hayo.