Mgonjwa Asiye na Makohozi

Mwanzo wa mwezi uliopita mwalimu mmoja wa shule alitujia jioni, akaketi, akakaa kitambo bila kusema neno. Kisha akauliza: "Mzee wangu, mama yuko katika dawa za kifua kikuu, na mwezi wa pili watimia. Hakohoi tena. Hospitalini wamempa kikopo alete makohozi, naye hana ila mate matupu. Basi watajuaje kama dawa zinafanya kazi? Na ikiwa hawajui, nimwambieje aendelee kuzimeza?"

Mama huyo ana virusi vya UKIMWI pia. Mwenyewe ameturuhusu kuandika habari zake pasipo kumtaja jina. Hatukuwa na jibu la kumpa mwanawe usiku ule, tukamwomba siku chache, tukaenda kuuliza na kusoma. Twayaandika hapa tuliyoyapata, maana swali lake si la nyumba moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu 1,250,000 walikufa kwa kifua kikuu, na katika hao 161,000 walikuwa na virusi vya UKIMWI.

Tangu Robert Koch alipotangaza huko Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amemgundua kijidudu aletaye maradhi haya, makohozi yamekuwa shahidi mkuu. Mgonjwa ameza dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4, na makohozi yake hupimwa tena mwishoni mwa mwezi wa 2, na wa 5, na dawa zikiisha. Vijidudu vikitoweka chini ya hadubini, watu hufurahi.

Lakini kwa mwenye virusi vya UKIMWI shahidi huyu mara nyingi ni bubu. Yale mashimo ya mapafuni ambamo vijidudu hujaa na kutoka kwa kikohozi, kwa sehemu kubwa huletwa na mwili wenyewe unapopigana na ugonjwa. Mwili uliopungukiwa na kinga haupigani hivyo. Kwa hiyo mapafu hayachimbiki sana, makohozi huwa na vijidudu vichache au hayapatikani kabisa, na huku ugonjwa umeenea katika matezi, au uti wa mgongo, au damu yenyewe. Ikiwa hadubini haikuona kitu siku ya kwanza, itawezaje kutuonyesha mwezi wa pili kwamba kimepungua?

Zipo mashine mpya ziwezazo kutambua vijidudu vichache mno, nazo zimeokoa wengi. Walakini hazipambanui kijidudu kilicho hai na mzoga wake, na kwa hiyo hazifai kumfuatia mgonjwa aliye katika dawa. Iko njia ya kuvipanda vijidudu maabarani ili kuona kama vitaota. Hiyo ni ya kweli kuliko zote, ila katika chakula kigumu cha maabara huchukua hata wiki 6 au 8, na jibu likifika mgonjwa amekwisha vuka mwezi mwingine na nusu.

Ndipo wataalamu wakaigeukia damu. Wala si jambo jipya kama tulivyodhani. Mwaka 1921 tabibu wa Sweden aitwaye Alf Westergren aliandika juu ya damu ya wagonjwa wa kifua kikuu. Aliitia katika mrija mrefu wa kioo uliosimamishwa wima, akatazama chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi kwa muda wa saa moja. Kwa mgonjwa aliyezidiwa zilishuka upesi. Kwa anayepata nafuu zilishuka polepole. Kipimo hicho kingali kikitumika katika hospitali nyingi, na wasomaji wetu wengine wamekwisha kuuona mrija ule. Kasoro yake ni kwamba upungufu wa damu pia huzifanya chembe zishuke upesi, na wenye virusi vya UKIMWI wengi wamepungukiwa na damu.

Mwaka 1930 huko New York wataalamu wawili, Tillett na Francis, walikuta katika damu ya wagonjwa wa nimonia kitu ambacho baadaye kilijulikana kuwa ni protini, nayo leo huitwa CRP. Hutengenezwa na ini. Kwa mtu mzima wa afya kwa kawaida huwa chini ya miligramu 5 katika lita moja ya damu. Maradhi makali yakiingia hupanda hata kupita 100. Na sababu ya tabibu kuipenda ni hii: haikai. Ini likiacha kuitengeneza, nusu yake hutoweka kwa muda wa saa 19 hivi. Basi dawa za kifua kikuu zikifanya kazi, CRP huanza kuteremka katika wiki za kwanza, kabla makohozi hayajasema lolote. Yatosha tone la damu ya kidole na mashine ndogo mezani, na jibu hupatikana kwa dakika chache.

Huko Uganda imepimwa kwa watu wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi, ikaonekana yafaa kuwachagua wale wapasao kuchunguzwa zaidi kifua kikuu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likakubali itumike hivyo, kuanzia kiasi kipitacho miligramu 5. Msomaji na aangalie neno hili vizuri: ni kwa kuutafuta ugonjwa. Kumfuatia mgonjwa aliye katika dawa ni kazi nyingine, na hapo hakuna kipimo cha damu kilichokubaliwa kushika mahali pa makohozi.

Kwa nini? Dalili ya mvua ni mawingu, walakini si kila wingu lashusha mvua. CRP hupanda kwa nimonia, kwa malaria, kwa jipu. Na kwa mwenye virusi vya UKIMWI liko jambo gumu zaidi, ambalo sisi tuliliona kwa macho yetu kabla hatujajua jina lake.

Miaka kadhaa iliyopita tulimwuguza jirani yetu, mtu mzima, mwenye maradhi yote mawili. Alianza dawa za kifua kikuu, na baada ya wiki 2 akaongezewa zile za kufubaza virusi, kama ilivyo desturi. Akapata nafuu, akala, akatembea hata kisimani. Wiki ya 6 homa ikarudi kwa nguvu, na matezi ya shingo yakavimba hata asiweze kugeuza kichwa. Ndugu zake wakasema dawa zimegombana mwilini mwake, na mjomba wake akataka zitupwe zote, apelekwe kwao. Nasi, twakiri, tulisita. Tuliona kwamba mzee yule huenda ana haki.

Tuliwasihi wangoje siku moja, tukamchukua hospitalini. Damu ilipopimwa, CRP ilikuwa juu sana. Kwa hesabu hiyo peke yake mtu angesema dawa zimeshindwa. Lakini daktari hakusimama hapo. Alitafuta kama vijidudu vimekuwa sugu kwa dawa, akaona sivyo. Akauliza kama vidonge vilimezwa kila siku, nasi tukashuhudia kwamba vilimezwa. Akapima virusi vya UKIMWI, navyo vilikuwa vimepungua mno. Ndipo akamwambia mjomba, kwa adabu: "Mzee, kinga yake ilikuwa imelala, sasa imeamka, imevikuta vijidudu hai na mizoga yake na kuvirukia vyote kwa ghadhabu. Uvimbe huu ni kazi ya kinga, si kushindwa kwa dawa." Akampa dawa ya kutuliza uvimbe, wala hakumkatiza zile nyingine hata siku moja. Yule jirani alimaliza miezi yake 6, naye analima mpaka leo.

Twaona hapo ugumu wenyewe: damu ilisema kweli kwamba pana vurugu, isiweze kusema ni vurugu ya nani.

Kwa hiyo wataalamu watafuta alama zilizo karibu zaidi na kijidudu mwenyewe. Mbeya wamechunguza zile chembe za kinga zimtambuazo kijidudu wa kifua kikuu, na hizo tu. Ugonjwa ukiwaka, chembe hizo huvaa alama za machafuko. Dawa zikishinda, alama hupungua. Njia hii ni nzuri, lakini yataka mashine ya gharama kubwa na fundi wake. Wengine wametengeneza kipimo cha jeni tatu katika tone la damu ya kidole, kijibucho kwa muda wa saa moja hivi. Nacho kina mtihani wake, maana virusi vya UKIMWI visipofubazwa huweza kuzivuruga jeni za kinga, zikafanana na za mwenye kifua kikuu asiye nacho.

Tulipomrudia mwalimu wetu tulimpa jibu lisilompendeza sana. Damu ya mama yake ikipimwa na CRP ikawa imeshuka, ni habari njema, wala si ruhusa ya kuacha hata kidonge kimoja; vijidudu vichache vilivyolala hubaki hai muda mrefu baada ya homa kwisha, na hivyo ndivyo virudishavyo ugonjwa. Ikiwa haikushuka, si hukumu. Ni sababu ya daktari kuuliza na kutafuta. Na kwa sasa mizani ya hospitali, homa, hamu ya chakula na daftari la vidonge vyote vyasomwa pamoja na damu.

"Basi nitamwambia mama hivyo," alisema. Tangu alipoanza dawa amezidi kilo 4. Imebaki miezi 3.