Masikio ya Dhegdheer

Kwenye televisheni, kitabu cha hadithi kina upande mmoja tu. Mtangazaji anafungua kurasa kubwa za kadibodi, nyumba ya karatasi inasimama, simba wa kitambaa anachungulia. Nyuma yake ni gundi na vijiti, lakini kamera haizunguki huko. Wanafunzi wangu wa gredi ya kwanza hapa Tarbaj, Kaunti ya Wajir, huzunguka. Ukiwaonyesha nyumba, watataka kuingia.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, ilirusha masomo redioni na kwenye televisheni. Huku aliyeyaona ni mwenye sola na king'amuzi. Nilitazama kwa jirani, macho yakiwa kwenye vifaa zaidi kuliko kwenye somo. Wanafunzi wangu wanapenda pia Akili and Me, katuni ya Ubongo wa Dar es Salaam, ya msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Ni nzuri sana, ila katuni haishikiki. Mtoto anayeongea Kisomali nyumbani na kukutana na Kiswahili darasani anahitaji kitu mkononi kinachomlazimu kusema.

Wala hakihitaji pesa nyingi. Kermit, aliyekuja kuwa chura maarufu wa Sesame Street, Jim Henson alimshona mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake, macho yakiwa mpira wa ping-pong uliokatwa nusu.

Mimi nilianza na Dhegdheer, yule mla watu wa hadithi za Kisomali mwenye masikio marefu yanayosikia mbali. Kadibodi huku huliwa na mchwa, kwa hiyo nilitumia gunia la mchele, lile la plastiki, nikapitisha waya ukingoni ili masikio yasilale, nikayashonea mkanda wa kufunga kichwani. Mtoto akiyavaa yanamfika kiunoni.

Anawapa wenzake mgongo. Mmoja anakohoa. Mwingine anatikisa mahindi mkebeni. Wawili wanakimbia. Dhegdheer lazima aseme anachosikia: "Nasikia mtu anakohoa." Akisema "anakimbia", wale wawili wanapaza sauti, "Tuko wawili!" naye anarudia, "Wanakimbia." Ubaoni somo hilo la umoja na wingi huchukua wiki, na bado wanapiga miayo.

Ngamia alinitoa jasho zaidi, maana wakaguzi wake ni watoto wa wafugaji. Kipindi kimoja kiliwahi kuonyesha ngamia wa nundu mbili, wale wa Asia ya Kati. Mvulana mmoja akauliza kama amevimba. Wangu ana kiwiliwili cha jerikeni ya mafuta ya kupikia, shingo ya fimbo iliyozungushiwa blanketi, na viungo vya mpira wa malapa.

"Abti," yaani mjomba, nilimwambia seremala, "nataka magoti yakunjike."

"Ya mbele kwanza, mwalimu," akajibu bila kuinua macho. "Ukianza na ya nyuma watakucheka."

Mgongoni amebeba visanduku viwili vya vitabu, kama ngamia wa maktaba waliozinduliwa Garissa mwaka 1996. Vitabu vyenyewe wanavishona watoto kwa kalenda za zamani, wakiandika upande usio na tarehe. Anayetaka kimoja humwomba ngamia apige magoti, na mwenye zamu ya kumshika humjibu apendavyo. Jibu linalopendwa ni "Sipigi magoti mpaka ninywe maji." Hapo mwombaji hutoka mbio kutafuta kikombe, na darasa zima humwelekeza, kila mmoja kwa sentensi yake, nyingine za Kiswahili kitupu, nyingine nusu kwa nusu.

Ninachotafuta sasa ni magunia. Wenye maduka walikuwa wakinipa bure. Siku hizi wanauza.