Je, wajua? Chuma kikipoa huvuta

Kama wataka kujua fundi gani anaweza kuunda tembo wa chuma, mwangalie anavyotengeneza geti. Kule Gudele, magharibi mwa Juba nchini Sudan Kusini, mafundi wa kuchomelea hufanya kazi kandokando ya barabara: mageti, madirisha, vitanda. Geti likipinda kidogo tu halifungi, na mwenye nyumba hatoi hela. Kinacholipinda ni joto, na joto hilohilo ndilo linalomtesa msanii wa sanamu.

Cheche ya umeme ya kuchomelea hupita nyuzi 5,000 za Selsiasi, ilhali chuma cha kawaida huyeyuka kwenye 1,500 hivi. Pale palipochomwa hutanuka, kisha pakipoa hunywea na kuvuta kila kilichoshikamana napo. Ndiyo maana fundi hachomi mshono mzima kwa mkupuo mmoja. Hushikiza kwa vitone, mara huku mara kule, ili mvuto wa upande mmoja uzuiwe na wa pili. Aliyekomaa hukitega chuma kikiwa kimepinda kinyume, kikipoa kinanyooka chenyewe. Kwenye sanamu hakuna kalibu ya kumiminia. Umbo hujengwa kipande kwa kipande, kiunzi cha nondo kwanza, kisha ngozi ya bati iliyogongwa kwa nyundo. Mguu wa kwanza ukivutwa kombo, mnyama mzima huenda kombo.

Kioko Mwitiki wa Kenya amejijengea jina kwa tembo wa ukubwa halisi waliotokana na vyuma chakavu. Nchini Msumbiji, Cristóvão Canhavato, maarufu kama Kester, aliunda kiti cha enzi mwaka 2001 kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya nchi hiyo vilivyokwisha 1992. Sasa kiko British Museum, London. Malighafi ya aina hiyo, kwa bahati mbaya, Sudan Kusini haijaikosa. Ufundi nao si mgeni: Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyezuru eneo la Bahr el Ghazal huko huko kati ya 1869 na 1871, aliwakuta watu wa kabila la Jur wakiyeyusha chuma katika tanuri za udongo, na wa kabila la Bongo wakitumia bamba za chuma kama fedha.

Kuna hatari moja isiyozungumzwa sana: mabati. Zinki iliyopakwa juu yake huchemka kwenye nyuzi 907, hivyo hugeuka moshi mweupe kabla chuma chenyewe hakijayeyuka. Aliyeuvuta, baada ya saa chache hutetemeka, hupata homa, viungo vikamuuma. Katika mji wenye malaria kama Juba, ni rahisi kukimbilia dawa ya malaria. Mafundi wengi huamini maziwa, lakini maziwa huenda tumboni na moshi umeingia mapafuni. Afadhali kuvaa barakoa ya kuchuja moshi na kukwangua zinki pembezoni mwa mshono, kisha kuchomelea nje, upepo ukipita ubavuni.