Baridi Anayojitengenezea Dereva

Tarehe 4 Januari 1958, matrekta matatu ya Ferguson, ya aina ileile iliyokuwa ikilima mashamba ya Uingereza, yaliwasili Ncha ya Kusini ya dunia. Kiongozi wa msafara alikuwa Edmund Hillary, mfuga nyuki wa New Zealand ambaye mwaka 1953, yeye na Tenzing Norgay, walikuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Everest. Walitoka kambi ya Scott Base katikati ya Oktoba 1957, wakakata kilomita 2,000 hivi za barafu. Magurudumu yalikuwa yamevishwa mikanda kama ya kifaru. Matrekta yenyewe yalifungwa kamba moja kwa jingine, ili moja likitumbukia kwenye ufa mengine yalishike. Ila kebini ya maana haikuwepo. Kati ya dereva na Antaktika palikuwa na turubai.

Turubai halitoi joto hata chembe. Kazi yake ni kuzuia upepo, na kwa mtu anayeendesha chombo kilicho wazi, hiyo ndiyo kazi inayotangulia nyingine zote. Mwili wa binadamu hupasha joto utando mwembamba wa hewa unaoigusa ngozi. Hewa ikitulia, utando huo hukaa mahali pake na kumkinga mtu. Upepo ukipita huuchukua, mwili unaanza upya kupasha mwingine, nao unachukuliwa. Sasa dereva anayekwenda kilomita 40 kwa saa katika siku tulivu kabisa amejiletea upepo wa kilomita 40 kwa saa, na unampiga usoni na kifuani bila kupumzika mpaka asimame.

Waliokuwa wa kwanza kulipima jambo hili kwa namba ni Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel. Siple alifika Antaktika kwa mara ya kwanza akiwa kijana wa skauti, katika msafara wa Admirali Byrd. Miaka ya 1940 ilipoanza alikuwa amerudi huko kama mwanasayansi. Yeye na mwenzake walining'iniza chombo cha plastiki chenye maji nje ya kambi ya Little America, wakawa wanapima maji yanachukua muda gani kuganda kulingana na baridi na kasi ya upepo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1945. Ilipofika 2001, Kanada na Marekani zilibadilisha hesabu hiyo baada ya kuwatembeza watu wa kujitolea ndani ya chumba chenye upepo wa baridi, nyuso zao zikiwa zimebandikwa vipimajoto.

Kwa hesabu hiyo mpya, nyuzi 20 chini ya sifuri zikiandamana na upepo wa kilomita 40 kwa saa huumiza uso kana kwamba ni nyuzi 34 chini ya sifuri. Katika hali hiyo ngozi iliyoachwa wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Lakini upepo hauwezi kukifanya kitu kiwe baridi kuliko hewa yenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 5 juu ya sifuri, maji ya redieta hayatagandishwa na upepo hata uvume namna gani. Anayeumia ni kiumbe mwenye joto lake la kupoteza.

Afrika Mashariki nayo ina mahali pa kulielewa hili. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za kipupwe, Juni hadi Agosti, ukungu hulala juu ya barabara na vipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10. Mgeni aliyesoma kwamba anakwenda nchi ya jua anapanda gari na fulana, anasimama paa likiinuliwa, na gari likishika kilomita 50 kwa saa, nyuzi 10 zinakuwa kama 5. Ndiyo maana waongoza watalii wengi hubeba mablanketi na shuka za Kimaasai kwenye Land Cruiser zao.

Waendesha bodaboda wa maeneo ya milimani hawahitaji kuelezwa na mwanasayansi yeyote. Wengi huvaa jaketi kinyumenyume, mgongo wa jaketi ukiwa kifuani na zipu ikiwa nyuma. Sababu ni kwamba zipu ni mlango. Hewa hupenya katikati ya meno yake, na ikiwa mbele inapiga moja kwa moja kwenye kifua. Ukiigeuza, kifua kinapata kitambaa kizima kisicho na tundu. Ni ufundi wa kuheshimiwa, na haugharimu hata senti moja.

Vidole ndivyo huanza kusalimu amri. Mwili ukihisi baridi hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili joto libaki kwenye moyo, mapafu na ubongo. Ni hesabu nzuri kwa uhai, mbaya kwa uendeshaji, kwa sababu mikono iliyokufa ganzi haihisi breki wala klachi. Pikipiki za theluji na zile za magurudumu manne zina tatizo la ziada: mafuta huongezwa kwa kubonyeza kwa kidole gumba. Gumba hilo hukaa limekunjwa saa nzima, halisogei, na linatazama upepo. Watengenezaji wameweka nyaya za umeme za kupasha joto ndani ya vishikio vya usukani, na mara nyingi gumba limepewa kipashajoto chake peke yake. Hata hivyo, kishikio cha moto ndani ya upepo mkali hupasha kiganja tu, mgongo wa mkono ukaendelea kuganda. Ndipo vinapohitajika vile vifuniko vinavyovalishwa kwenye usukani, ambavyo dereva huingiza mikono ndani yake. Vikiwekwa hivyo kwanza, hata glavu nyembamba hutosha katika baridi nyingi.

Kichwa kimezushiwa mengi. Wapo wanaoamini kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani, na si kweli. Kichwa cha mtu mzima hupoteza karibu sehemu ya kumi, sawa na ukubwa wa ngozi yake. Kinastahili mzula mzito kwa sababu nyingine: ndicho kilicho mbele ya upepo.

Hatari isiyosemwa sana ni jasho. Safari ya nje ya barabara ina tabia yake: dereva hukaa kimya saa mbili, halafu gari linakwama, naye anashuka kufanya kazi ya vibarua watatu. Anachimba kwa beleshi, anasukuma, anaburuta mbao za kutia chini ya tairi. Katika barafu za Iceland, ambako watu hupanda na Land Cruiser zenye tairi pana kupita kiasi, madereva hupunguza upepo wa tairi mpaka zilale bapa ili gari lisizame kwenye theluji, na kila hatua ya kupunguza na kujaza ni kushuka tena. Mtu anatoka jasho. Anarudi kwenye kiti nguo za ndani zikiwa zimelowa, anakaa bila kujitikisa, na maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa. Nusu saa baadaye anatetemeka, na anashangaa kwa nini, maana alipokuwa akichimba alikuwa karibu kuvua shati.

Kuvua lilikuwa wazo zuri. Wazoefu huvua koti na sweta kabla ya kushika beleshi, wakakubali kuhisi baridi kidogo mwanzoni, kisha huvaa nguo kavu kazi inapokwisha. Pamba haifai karibu na ngozi katika safari za namna hii, kwa kuwa hunyonya maji na kukaa nayo. Sufu ya kondoo hulowa lakini huendelea kushika joto, na vitambaa vingi vya michezo hukauka upesi. Masoko ya mitumba kama Karume jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi yana sweta za sufu na majaketi yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya. Nguo moja nene huwa na faida ndogo kuliko tatu nyepesi zilizopishana, kwa sababu kinachokinga ni hewa iliyonaswa kati yake, na moja ikizidi unaivua. Viatu visibane: soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu unakuwa baridi kuliko ulipokuwa na soksi moja.

Wainuiti wa kaskazini ya Kanada walimaliza hesabu hii zamani sana. Mavazi yao ya ngozi ya caribou, aina ya paa mkubwa wa kule, yalishonwa kwa tabaka mbili: la ndani manyoya yakiielekea ngozi, la nje manyoya yakitazama nje, yote yakiwa mapana ili hewa izunguke. Kila unyoya wa caribou una uwazi ndani yake, hivyo hewa hunaswa hata mle. Pikipiki za theluji zilipoenea, baada ya Joseph-Armand Bombardier wa Quebec kuanza kuuza Ski-Doo mwaka 1959, mbwa wa kuburuta sleji walipungua, lakini wawindaji hawakuyatupa mavazi hayo. Chombo kipya kilikwenda kasi kuliko mbwa, na kasi ilileta upepo mkali zaidi.

Mwenye gari lililofungwa vioo ana hita, ambayo huchukua joto la maji yanayopoza injini. Injini ikizimwa, joto linakwisha upesi, na hapo ndipo watu hufanya makosa yanayoua. Pombe kali humpa mtu hisia ya joto kwa kuifungua mishipa ya ngozi, na damu ya moto inapelekwa nje kupoa. Jiko la mkaa ndani ya gari au hema hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hawezi kuamka kujiokoa. Gesi hiyohiyo huingia kutoka kwenye injini pale ambapo theluji au tope limeziba bomba la moshi. Aliyekwama usiku anatakiwa kwanza kushuka na kulizibua bomba, ndipo awashe injini kwa dakika kumi hivi katika kila saa, dirisha la upande usio na upepo likiachwa wazi kwa upana wa kidole. Kabla ya kuwasha tena alizibue upya, maana theluji inayoendelea kuanguka hulifunika.